Mwachie Mungu, na kortini nenda

Kwetu Mombasa mtu akidhulumiwa, la kwanza kuambiwa ni "mwachie Mungu." Mimi ni muumini. Dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi baina yake na Mola, ndivyo tulivyofunzwa chuoni. Ninachopinga ni neno hilo kutumiwa kumnyamazisha mtu mwenye haki ya kushtaki.

Khalati yangu, dada wa mama, alinyimwa fungu lake katika nyumba ya babu. Wajomba waliuza, wakagawana, yeye wakampelekea leso na pesa za matumizi. Fungu la binti limetajwa ndani ya Qur'ani kwa hesabu, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi uwezo wa kusikiliza mirathi ya Waislamu waliokubali kusimama mbele yake. Khalati hakwenda, kwa kuogopa kuitwa mwanamke aliyewashtaki ndugu zake. Alisomesha Halbadiri, kisomo cha kumwombea dhalimu adhabu. Mkeka ukatandikwa, ubani ukafukizwa, majina ya watu wa Badri yakasomwa moja moja. Ya wajomba hayakutamkwa, lakini kila aliyeketi pale aliyajua. Baada ya hapo ikawa ni kungoja. Mjomba mmoja akiumwa mguu, watu wananong'ona.

Huku Uingereza nilikuwa nikitunza wazee majumbani mwao, na mwajiri hakunilipa muda wa njiani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nilisali, kisha nikapiga simu Acas, shirika la umma la usuluhishi, maana shauri la kazi lazima lianzie kwao. Nilikuwa na miezi 3 kasoro siku moja kuanza. Sikutozwa ada wala sikuweka wakili. Nilipanga ratiba zangu za zamu na ujumbe wa simu kwa tarehe. Mwajiri akalipa kabla ya siku ya kusikilizwa.

Lakini msidhani Waingereza wameumbwa na ujasiri kutushinda. Mwaka 2013 serikali yao iliweka ada kwenye mahakama za kazi, hadi pauni 1,200 kwa baadhi ya mashauri, na mashauri yakapungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua ada zile ni kinyume cha sheria, zikafutwa. Katikati hapo wafanyakazi wengi walimeza dhuluma zao kama khalati. Ndiyo maana siamini kwamba sisi tunanyamaza kwa wingi wa imani. Tunanyamaza kwa nauli, kwa kuahirishiwa kesi kila mara, kwa haya ya ukoo.

Kenya sasa ina Mahakama ya Madai Madogo, ilianza 2021: madai hadi shilingi milioni 1, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Mtaani kwetu niliowauliza hawajaisikia. Wasomaji wa Halbadiri kila mtu anawajua.

Hapa masheikh wetu wana deni. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inawaamrisha waumini wasimamishe uadilifu, hata iwe dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Imamu aliyeitwa kwenye kile kisomo angeweza kumwambia khalati: kesho asubuhi twende kwa Kadhi, mimi nitafuatana nawe. Neno hilo lingemwondolea aibu yote.

Mwaka huu khalati amekubali. Binamu yangu alimpeleka, karani akawaambia walete cheti cha kifo cha babu na majina ya warithi wote. Wajomba hawapokei tena simu zangu.