Kiama cha wati 50

Nianze kwa kusema kwamba taa yenyewe haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo wapo watu wa kichochoro chetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ambao nikiwasalimu barazani hutazama saa kwanza, ndipo waitikie.

Chanzo ni tangi la samaki. Niliachiwa na jamaa aliyekuwa akihamia Nairobi: kioo kitupu, sentimita 60 kwa 30 kwa 35, maji yake lita 60 na ushei. Nikaliweka sebuleni ghorofani, chini ya dirisha la kichochoroni, kwa sababu ndipo penye soketi. Nikatia mchanga, pampu ya hewa, samaki wa gapi kumi na wawili, na mimea: valisneria za kupanda mchangani na anubiasi mbili za kufunga kwenye gogo. Anubiasi hiyo asili yake ni mito na misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, lakini dukani bei yake utadhani imeteremka melini jana kutoka Ulaya.

Kilichobaki ni taa. Duka la samaki walinitajia shilingi 9,500. Nikauliza kama samaki nao wamo ndani ya bei hiyo. Hawamo. Nikasema nitarudi, kwa ile sauti ambayo kila muuza duka anaijua.

Basi nikaanza kujaribu vya rahisi. Nilitia balbu ya manjano iliyokuwa ukumbini, ile ya 3000K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga), na maji yakawa kama chai ya mkandaa. Samaki ndani wakapita kama majani ya chai. Nikanunua mkanda wa taa za zambarau za kukuzia mimea. Mimea hupenda kweli mwanga mwekundu na wa buluu, hilo si uongo, lakini ukikosekana ule wa kijani basi hata jani bichi huonekana jeusi. Mama aliingia sebuleni, akatazama tangi, akanitazama mimi, akauliza hapa ni nyumba ya watu au ni klabu ya watalii. Mkanda ukatoka usiku huohuo.

Ndipo nikampigia rafiki yangu wa mtaa wa Tudor, mfugaji samaki wa miaka mingi. Akaniambia, "Yakhe, mmea haujui bei. Nenda duka la stima la kawaida, tafuta taa nyeupe iliyoandikwa 6500K, huo ndio mwanga wa mchana. Halafu usitazame wati, tazama lumeni, yaani wingi wa mwanga. Mimea yako haina makuu, lumeni 20 kwa kila lita zakutosha. Na nunua taima. Taa iwake saa mbili, izimike saa nane. Saa sita tu, zaidi ya hapo utafuga mwani badala ya samaki."

Tafadhali yashike hayo maneno: saa mbili mpaka saa nane.

Hesabu ya lita 60 kwa 20 ni lumeni 1,200. Nilizunguka maduka ya stima kutoka Barabara ya Digo mpaka Mwembe Tayari, na lumeni 1,200 nilizikuta, balbu ndogo ya kitoto. Kando yake, kwenye rafu, ilikaa mulika mwizi, ile taa kali ya nje ya kulindia nyumba, ya wati 50, ya LED, imeandikwa 6500K, lumeni 5,000, shilingi 1,200. Yaani lumeni nne na zaidi kwa shilingi moja! Mtu wa Mombasa huwezi kumwonyesha hesabu kama hiyo halafu utarajie aondoke na balbu. Nikaibeba, na taima ya shilingi 700 juu yake.

Ilikuwa kumi la mwanzo la Ramadhani. Usiku baada ya tarawehe nikaifunga taa juu ya tangi kwa waya, nikaipinda kidogo ili isimulike sebule. Ikawa inamulika dirisha, lakini hilo sikuliona kwa sababu sikuiwasha. Nilikuwa nimeshughulika na taima. Ni ile ya gurudumu, yenye namba 1 mpaka 24 na vimeno vidogo ukingoni, kila kimeno ni robo saa. Nikatazama simu: 22:40. Nikazungusha gurudumu mpaka mshale ukasimama kwenye 22:40 barabara. Kisha nikabonyeza vimeno kuanzia 2 mpaka 8. Nikavihesabu kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja: vimeno ishirini na vinne, saa sita kamili kama alivyosema mtu wa Tudor. Nilijiona fundi. Nikaenda kulala chumba cha nyuma, feni usoni.

Saa nilikuwa nimeipa taima kwa Kizungu. Amri nilikuwa nimeipa kwa Kiswahili.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa kesho yake, na kila aliyenisimulia aliongeza chumvi yake, lakini mfuatano wote wanakubaliana. Saa nane ya usiku, tak, taa ikawaka. Kichochoro chetu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuta zenyewe zimepakwa chokaa. Kukawa mchana.

Wa kwanza kuamka ni jogoo wa nyumba ya chini. Maskini, kazi yake ni moja tu na hakutaka kulaumiwa. Akawika kwa nguvu ya mtu aliyechelewa. Barazani walikuwapo vijana wa kupiga daku, wanakunywa kahawa wakingoja muda wao. Waliposikia jogoo na kuona ukuta mweupe, hakuna aliyetazama saa, mmoja alipiga kelele, "Daku limewapita watu!" na ngoma zikapokewa hapohapo. Madirisha yakaanza kufunguka. Nyumba ya pembeni, naambiwa, baba mmoja alikunywa mitungi ya maji kwa pupa mpaka akapaliwa, akiamini adhana iko mlangoni.

Sasa, nyumba inayotazamana na yetu anakaa Bi Mkubwa mmoja, shoga yake mama tangu usichana. Dirisha lake la kulala linatazama magharibi, maana yake linatazama tangi langu. Na jambo ambalo sikulijua kuhusu mulika mwizi ni hili: mwanga wake hutoka mahali pamoja padogo, basi ukipita kwenye maji yanayochezwa na pampu, hutoa mawimbi. Mawimbi hasa, yale ya ndani ya bahari mchana wa jua, yanayonyumbuka na kukatana. Bi Mkubwa alifungua macho akaona dari lake limegeuka bahari. Akageuka dirishani. Jua jeupe, linamwakia usoni, na limetoka magharibi.

Aliyesoma chuoni anajua hiyo ni alama ya nini.

Mimi niliamshwa na sauti yake. Hakuwa akilia, alikuwa akitangaza. "Nisamehe shoga yangu! Kiama kimefika, nisamehe!"

Mama, ambaye yuko chumba cha mbele, aliruka kitandani akiwa bado usingizini. "Nimekusamehe! Na weye nisamehe!"

"Sufuria yako ile kubwa!"

Kimya kidogo.

"Sufuria gani?"

"Ya pilau! Uliyoitafuta arusi ya mwanao wa kwanza! Ninayo miye, iko chini ya kitanda!"

Nilikuwa nimefika mlango wa sebule. Nilimwona mama amesimama dirishani, nusu yake nyeupe kama karatasi, amesahau Kiama kabisa. "Ile yenye vishikio viwili?"

"Hiyo hiyo!"

"Lakini ulinisaidia kuitafuta!"

"Ndio maana naomba radhi!"

Nikakimbilia soketi nikang'oa plagi. Giza. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine, jogoo akakatiza kuwika katikati. Katika kimya hicho sauti ya Bi Mkubwa ikaja taratibu kutoka ng'ambo: "Mbona Kiama kimezimika?"

Na chini kichochoroni kijana mmoja wa ngoma akauliza, kwa adabu nyingi, "Ami, kwani saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa nane na robo."

Maneno niliyoambiwa baada ya hapo sitayaandika, hasa kwa kuwa yalitolewa ndani ya mwezi mtukufu na walioyatoa wanahitaji saumu zao.

Taima niliirekebisha asubuhi: vimeno kuanzia 8 mpaka 14, na juu yake nikabandika karatasi, "SAA YA SIMU". Taa nayo haikumaliza mwezi. Lumeni 5,000 kwenye lita 60 ni mchezo wa hatari. Wiki mbili tu kioo kilivaa utando wa kijani, na anubiasi, mmea wa kivulini usiopenda jua kali, ikaota mwani mfano wa ndevu za beberu. Nilimpigia mtu wa Tudor, akacheka mpaka akakata simu. Sasa nina balbu mbili za wati 9, za 6500K, kama lumeni 800 kila moja, shilingi 250 kwa 250, ndani ya karai la bati nililotoboa mwenyewe kama kifuniko. Valisneria zimefika juu ya maji zinajilaza. Mulika mwizi iko mlangoni, inafanya kazi ya jina lake.

Na sufuria? Asubuhi ile ile baada ya swala mama alivuka kichochoro, mimi nyuma yake kama mpagazi, tukarudi nayo. Adhuhuri akaja mjukuu wa Bi Mkubwa, kapigwa sabuni na kutumwa rasmi: "Bibi asema maneno ya usiku hayahesabiki, kwa kuwa lile jua lilikuwa la stima."

Mama wakati huo alikuwa akiisugua kwa majivu. Hakuinua kichwa. Magharibi, futari ilipoiva, alipakua mbaazi za nazi kutoka sufuria hiyo hiyo, sahani imejaa mpaka ukingoni, akaifunika kawa na kumpa mtoto.

"Mpelekee bibi yako. Mwambie sahani nataka irudi leo."