Chuo Chetu Kiko Nyuma ya Steshenari

Mtihani wangu wa kwanza wa mtandaoni niliufanyia grosari. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto watatu, na mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, mwalimu akionekana grosari saa tatu usiku, habari zinafika shuleni kabla yake. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, chaji ya kompyuta ilikuwa inaelekea ukingoni, na mfumo wa chuo ulikuwa unafungwa saa sita kasoro dakika moja. Mtaa mzima ilikuwa inanguruma jenereta moja tu. Nikajitanda khanga, nikatumbukiza kompyuta kwenye kikapu cha sokoni, nikaifuata sauti.

Mhudumu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo madamu. Nikupe nini?" Nikaagiza soda ya tangawizi na kuomba kona yenye soketi. Akanikalisha kando ya friji. Wateja walikuwa wakitazama marudio ya mechi ya Simba na Yanga. Swali la nne lilinitaka nifafanue tofauti kati ya tathmini endelevu na tathmini tamati, nami nikafafanua, huku mzee mmoja pembeni akifafanua kwa sauti kubwa zaidi kwa nini ile haikuwa penalti.

Saa tano na dakika arobaini nikabonyeza kutuma. Kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka mpaka nikamaliza kuhesabu chupa zote za kwenye friji, halafu kikaandika kuwa mtandao haupatikani. Matokeo yalipotoka, kwenye somo lile palikuwa na kistari. Chuo chenyewe sikitaji. Nilipiga simu, nikaambiwa niandike barua pepe. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni wa muhimu sana kwao.

Baada ya hapo ungetegemea niwe adui wa masomo ya mtandaoni. Siwezi kuwa, kwa sababu bila hayo nisingesoma kabisa. Kusoma uzamili wangu huu ana kwa ana kungenitaka nihamie Dar es Salaam au Dodoma, niombe ruhusa ya masomo ambayo foleni yake naijua, na nimwachie mama yangu mzee watoto watatu pamoja na ng'ombe. Walio kama mimi ni wengi. Namfahamu muuguzi anayesoma akitoka zamu. Namfahamu mtendaji wa kata huko Uru anayesoma akitoka kusuluhisha kesi za mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Namfahamu kijana anayepandisha wageni mlimani, ambaye tangu kampuni ya simu ya TTCL ifunge intaneti kwenye kambi ya Horombo, Kilimanjaro, Agosti 2022, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, anadai mtandao wa kule ni afadhali kuliko wa nyumbani kwao. Wageni wanatuma picha za machweo, yeye anatuma kazi ya somo la masoko. Hakuna jengo la chuo ambalo lingewahi kumfikia huyo kijana alipo.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na vyuo vyenyewe, kwa namna vinavyodhani kwamba kazi ya kufundisha imekwisha pale slaidi zinapopandishwa kwenye mfumo.

Tena ajabu ni kwamba jambo hili nchi hii ilishalijua, na Moshi ililijua mapema. Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa hapa mwaka 1963, hakikusubiri wanaushirika wote waje wakae bwenini. Masomo yalipelekwa kwa posta na kwa redio, na makatibu wa vyama vya msingi walijifunza kutunza vitabu vya hesabu wakiwa huko huko kwenye kahawa na pamba zao. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ya vikundi vya kusikiliza redio na kujadili afya. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi, na hadi leo nikiwauliza wazee wa kijijini walijifunza nini, hawaanzi na redio. Wanaanza na uwanja waliokuwa wakikaa, nani alikuwa akichelewa, nani alimwaibisha nani kwa kukosa choo. Watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walishiriki. Redio ilisema, kijitabu kikasomwa kwa sauti, watu wakabishana, wakaenda kuchimba vyoo. Ukiondoa lile duara la watu, unabaki na redio inayoongea peke yake chini ya mwembe.

Waliounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria namba 17 ya mwaka 1992 walilielewa hilo pia. Uingereza walishakuwa na chao tangu 1969, kwa hiyo wazo halikuwa geni, lakini sisi hatukuwa na televisheni wala posta ya kutegemewa namna ile. Chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, chuo kikaweka vituo mikoani. Mwanafunzi alisoma kwake, ila alikuwa na mlango wa kubisha hodi, na mtihani aliufanyia ukumbini, kitambulisho mezani, msimamizi akimtazama usoni. Watu walikuwa wanalalamika juu ya kuchelewa kwa vitabu na matokeo, na walikuwa na haki. Lakini walikuwa wanajua pa kwenda kulalamika.

Halafu yakaja majukwaa makubwa ya kozi za mtandaoni kutoka Marekani. Mwaka 2012 zilizaliwa Coursera na edX, na Sebastian Thrun, aliyekuwa amefundisha akili bandia kwa maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Stanford, alinukuliwa akibashiri kwamba baada ya miaka 50 dunia itabaki na taasisi 10 tu za elimu ya juu. Sasa, mimi sina chuki na masomo yale. Hisabati ya matriki niliyoikimbia chuoni nimekuja kuielewa ukubwani kwa kumtazama Gilbert Strang wa MIT akiandika ubaoni kwa chaki, bure, jikoni kwangu. Lakini watafiti wa MIT walipopekua kozi za mtandaoni za chuo chao na za Harvard, wakachapisha mwaka 2019, walikuta kwamba katika mwaka wa 2017/18 waliomaliza walikuwa kama 3 kwa kila 100 waliojiandikisha. Watatu! Mwalimu wa kidato cha pili akifelisha hivyo anaitwa ofisini kwa afisa elimu.

Na hapo tunazungumzia walimu bora wa dunia, video safi, umeme usiokatika.

Huku kwetu mambo yalikuja kwa kushtukizwa. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi, na ile miezi miwili na ushee ndiyo iliyowafanya wakubwa wengi waamke na kuona kuna kitu kinaitwa kufundisha kwa mtandao. Kuamka ni kuzuri. Tatizo ni walichokiona walipoamka: wanafunzi wasiohitaji bweni, wasiotumia maji, wasioketi kwenye viti vya chuo, na ada inaingia vile vile. Mhadhiri anapandisha slaidi tisini za mwaka ule ule wa korona. Chini yake kuna ukumbi wa majadiliano, na mjadala wenyewe ni watu hamsini walioandika "Shikamoo dokta, nimepokea." Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kukumalizia karibu GB nzima ya bando, na nusu saa ya kwanza ni "mnanisikia?"

Ninaposoma ripoti za kusifu idadi ya walioandikishwa mtandaoni, huwa natafuta idadi ya waliobaki. Mara nyingi haipo.

Mwaka 2023 tulijikuta watu kumi na wanne wa Moshi na vitongoji vyake kwenye kundi moja la WhatsApp, wote tumeanza masomo ya mtandaoni, vyuo tofauti, kozi tofauti. Kundi lilikuwa la kupeana pole. Baada ya kisa cha grosari, nilipendekeza tutafute mahali. Sita tukakubali. Tukapata chumba nyuma ya steshenari moja karibu na Mbuyuni, ambacho mwenyewe alikuwa anaweka marobota ya karatasi. Kina meza moja ndefu ya mninga iliyokatwa pembe, feni, na betri ya sola inayobeba kompyuta nne na mashine ndogo ya kutoa kopi. Tunalipa elfu moja moja kwa siku. Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa nane.

Yule muuguzi, tunamwita Sista, anakuja akitoka zamu ya usiku. Anasalimia, anakunja kanga, anaweka kichwa mezani na kulala dakika ishirini bila aibu, na hakuna anayemwamsha. Akiinuka ana alama ya ukingo wa meza shavuni, na huyo ndiye aliyenielewesha sampuli nasibu. Mbinu za utafiti tunasoma wote, hakuna chuo kinachokusamehe somo hilo. Mimi nilikuwa nimetazama video tatu nikitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Yeye akachukua njegere kwenye chakula cha mchana cha Mtendaji, akazimwaga kwenye karatasi, akaniambia, "Madamu, fumba macho, chota." Nikachota. "Sasa fumbua, chagua nzuri nzuri." Nikachagua. Akaniuliza kundi lipi litamwambia ukweli kuhusu sufuria nzima. Mtendaji akasema ukweli ni kwamba mmemaliza njegere zangu.

Huyo Mtendaji naye ana kisa chake. Mfumo wa chuo chao uliandika kuwa kazi ikabidhiwe kabla ya 11:59. Mtu mzima, amekulia saa za Kiswahili, akasoma saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa alfajiri. Akaamka saa tisa usiku, akamalizia vizuri, akatuma saa kumi, akiwa na karibu saa mbili za ziada, akarudi kulala kwa amani. Alikuwa amechelewa kwa saa nne. Sasa hivi kila tarehe ya mwisho tunaiandika kwa chaki nyuma ya mlango, kwa saa zetu.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, sisi tulikuwa na mihadhara ya wiki mbili mbele kwenye flashi, kwa sababu kijana wa mlimani ana tabia ya kupakua usiku wa manane bando likiwa rahisi. Tulisoma kama kawaida. Kwenye lile kundi la WhatsApp, wenzetu waliporudi hewani, walikuwa wanaulizana kama mitihani imeahirishwa.

Katika sisi sita wa mezani, wote tupo. Katika wale wanane waliobaki kusoma kila mtu kwake, anayeendelea ni mmoja. Najua huo si utafiti, na mwanafunzi wangu angeniletea ushahidi wa namna hiyo ningemrudishia. Pengine walioacha walikuwa na shida kubwa kuliko zetu. Mmoja alifiwa, mwingine alihamishwa kituo cha kazi. Lakini nimewauliza wengine waliacha lini hasa, na hakuna anayekumbuka siku. Hawakuacha. Waliahirisha wiki hii, wakaahirisha ijayo, na hakuna mtu aliyewauliza "umefikia wapi?"

Basi ombi langu kwa vyuo ni dogo na lina bei. Chukueni sehemu ya ada yangu, ile ambayo ingelipia bweni nisilolala, mpangishe chumba kila wilaya yenye wanafunzi wa kutosha. Majengo yapo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54 nchini, vituo vya walimu vipo, vingine kufuli yake imeota kutu. Wekeni meza, sola, na msomi mmoja wa kulipwa kwa siku awe anafika mara mbili kwa mwezi. Mitihani ifanyiwe humo, na ile kazi kubwa ya mwisho mtu aitetee kwa mdomo mbele ya mwalimu. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kazi iliyotumwa kwa mfumo haimwambii mhadhiri lolote juu ya aliyeituma, na waajiri wanalijua hilo. Rafiki yangu aliulizwa kwenye usaili, huku wanacheka, "Shahada hii ulisoma au ulibonyeza?" Angekuwa amekaa mbele ya mtahini kwa robo saa, jibu angekuwa nalo.

Kuna masomo ambayo sitaki hata kuyajadili hapa. Anayejifunza kupima tumbo la mgonjwa pale hospitali ya KCMC ajifunze kwa mikono yake, na hakuna kamera itakayombadilisha mawazo mgonjwa. Na wale wanaovutiwa na shahada za haraka haraka za nje, kabla hujatuma senti, nenda kwanza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, uulize kama chuo hicho kinatambulika. Nimeona cheti kizuri sana, cha dhahabu kingo zote nne, kikiwa kimefungiwa bahasha ya chapati.

Mtihani wangu niliurudia mwezi wa nane, nyuma ya steshenari. Umeme ulikatika dakika ya kumi na tano, kama kawaida yake. Betri ikapokea, feni ikazimika, Sista akasogeza kompyuta yake ili ya kwangu ifikie waya.

Jumamosi hii mwenye steshenari ametuambia tuje na viti viwili vya kwetu. Kuna dada amepiga simu kutoka Mwanga, anasoma mwaka wa kwanza, anauliza kama meza ina nafasi, na anakuja na mdogo wake.