Simu marufuku shuleni, elimu ya afya iko kwenye simu

Katika shule nyingi za sekondari za serikali Tanzania, mwanafunzi akikutwa na simu bwenini ananyang'anywa na mzazi anaitwa. Wakati huohuo, miradi ya afya ya vijana inaombewa ufadhili ikiwa na ukurasa wa Instagram, kundi la WhatsApp na programu ya kupakua. Mlengwa ni yuleyule aliyekatazwa simu. Watetezi wa miradi hiyo watasema likizo zipo, na wa kutwa hushika simu jioni. Sawa, ila jioni hiyo simu ni ya mama au ya kaka.

Hoja yao kubwa ni aibu, na ni hoja nzito. Msichana hanyooshi kidole kuuliza kuhusu P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mbele ya wavulana na mwalimu anayeswali msikiti mmoja na baba yake. Akimuuliza shoga yake ataambiwa vinaharibu kizazi, au kwamba vinakinga na Ukimwi. SMS inayomwambia kwamba humezwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na havikingi VVU kabisa, inamfaa kuliko mhadhara wa saa nzima. Wala haihitaji simujanja. Huduma ya m4RH, iliyoanza Kenya na Tanzania mwaka 2010, ilijibu maswali ya uzazi wa mpango kwa SMS, kitochi kilitosha. Na tatizo si dogo: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walishawahi kupata ujauzito.

Lakini SMS hiyo inaingia mama akiwa ameshika simu, na mstari wa kwanza unasomeka juu ya kioo hata kabla haijafunguliwa. Ni nyumba chache zitakazoamini kwamba mtoto alikuwa anajisomea tu.

Mitandao ya kijamii ina kasoro nyingine. TikTok haitofautishi muuguzi na muuza dawa ya kukata tumbo. Anayechekesha zaidi ndiye anayeonekana. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, iliandamwa na uvumi kwamba inawafanya tasa, na WhatsApp ikausambaza kwa wazazi. Chanjo yenyewe ilitolewa shuleni na wauguzi waliofika kwa miguu yao.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hulipita haraka. Utafiti wa m4RH nchini Kenya, uliochapishwa 2017, ulikuta kwamba waliopata huduma kamili waliongeza uelewa, lakini matumizi ya njia za uzazi wa mpango hayakubadilika. Ripoti za miradi hupenda nusu ya kwanza. Mimi naona nusu ya pili ndiyo yenye habari: kujua kulipatikana, kilichobaki ni nauli, muuguzi mkali wa zahanati, na duka la dawa ambalo muuzaji wake anamjua shangazi.

Kwa hiyo walimu wakuu siwalaumu kwa marufuku. Picha za utupu, kamari na usiku wa kuchati havihitaji kukaribishwa bwenini. Ninachowalaumu ni kukataza bila kuweka mbadala. Jarida la Fema, la shirika la Femina Hip lililoanza 1999, limepita mikononi mwa wanafunzi wa sekondari miaka mingi, na karatasi haiingii kwenye simu ya mama. Teknolojia ingekaa kwa matroni na mwalimu wa ushauri: maswali yaandikwe bila jina, yatumbukizwe kisandukuni, mwalimu ayatume kwa muuguzi wa zahanati kwa WhatsApp, majibu yasomwe darasani. Gharama yake ni bando na nauli ya muuguzi mara moja kwa muhula. Wafadhili hawaipendi kwa sababu haina wafuasi wa kuhesabu.

Njia hii nayo ina tundu. Pale mwalimu mwenyewe ndiye anayeogopwa, kisanduku hakisaidii kitu. Namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure, ila nayo inataka simu. Basi shule iweke kitochi kimoja kwa matroni, na mwanafunzi akikiomba asiulizwe anampigia nani.