Nyuma, Geuka!

Mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ilisimamishwa mwaka 1994 ikarudishwa 2013, na mimi baada ya kidato cha sita nikapita kambi ya Ruvu, miezi mitatu. Mtu wa miezi mitatu ni wa kuogopwa: anatoka anajua kuamrisha tu.

Baadaye nikapewa stoo ya duka moja la friji na majiko, Kariakoo, na vijana wanne wa mzigo. Wiki ya kwanza nikanunua filimbi. Saa moja na nusu asubuhi paredi, vikombe vya chai chini, mguu sawa, hesabu namba. Aliyechelewa anaruka kichura, wenzake wanamhesabia. Wakipotea hesabu, anaanza moja. Kupotea kwa makusudi niliwafundisha mwenyewe, urithi wa kambini. Na juu ya yote: amri kwanza, maswali baadaye.

Alhamisi ikaingia friza, ile ndefu ya kulala yenye kioo juu. Wanne wameikamata, kila mtu pembe yake, mimi mbele nawapigia hatua: kushoto, kulia, kushoto. Tunafika mlango wa stoo, kufuli. Funguo nimeiacha mezani. Mtu mwenye akili zake angesema, "Jamani, ishusheni taratibu." Mimi nikajaza kifua.

"Nyuuuma... geuka!"

Wakageuka. Wallahi sijawahi kuona kwata safi kama ile, hata Ruvu. Visigino vimegongana, vifua mbele, mikono imenyooka ubavuni.

Mikono. Ubavuni.

Visigino vyao vilipona kwa kudra za Mungu. Kioo hapana.

Mzee mwenye duka akatoka mbio. Vijana bado wamesimama wima, hakuna aliyegeuka kutazama, maana sijatoa amri.

"Nani kawaambia muachie?"

"Afande!" wakaitikia kwa sauti moja.

Mzee akanigeukia. "Wewe ulipita wapi?"

"Ruvu, mzee. Miezi mitatu."

"Mimi Mafinga, 1984. Mwaka mzima. Mguu sawa!"

Miguu yangu ikajibana yenyewe.

"Friza tutakatana kwenye mshahara, hiyo ya ofisini. Sasa kichura hamsini, hiyo ya jeshini. Nyie, mhesabieni."

Nikaruka. Arobaini nikaivuka, mapaja yanawaka moto, wateja wamejaa mlangoni na simu zao juu.

"Arobaini na sita! Arobaini na saba! Arobaini na..."

Kimya. Wakatazamana. Yule mrefu, niliyemrukisha kuliko wote, akajikuna kisogo.

"Tumepotea, afande. Moja!"