Maji mapya ya Ziwa Victoria, bomba la zamani la nyumbani kwetu

Tulipokuwa wadogo Tabora, kila mwaka mvua za Novemba zikianza na maembe yakiiva, nyumba nzima ilikuwa inaharisha. Mama alikuwa na jibu moja: maembe. Mnakula mabichi, mnakula hayajaoshwa, mtapona vipi? Tulichapwa kwa ajili ya maembe, tukanyweshwa maji ya chumvi na sukari, na ule mwembe wa mbele ya nyumba ukabeba lawama miaka yote. Sasa naishi mji mdogo jimbo la Michigan, Marekani, na ni huku ndiko nilikoanza kufikiri kwamba tuliusingizia ule mti.

Bomba lililoingiza maji kwetu lilikuwa la chuma, na kabla ya kufika uani lilipita ndani ya mtaro. Nalikumbuka vizuri kwa sababu tulikuwa tunaliruka tukienda shule. Lilikuwa limeota kutu mpaka linamenyeka magamba, na pale lilipovuja fundi alilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, akakaza na waya. Kiangazi mtaro ulikuwa mkavu, bomba linadondosha matone, kuku wanakunywa. Masika mtaro ulijaa, bomba likazama, na katika yale maji kulikuwa na kila kilichosombwa na mvua, vyoo vya mashimo vya majirani vikiwemo.

Maji ya mgao yana tabia ambayo hatukufundishwa. Yakikatika, presha ndani ya bomba inashuka, na bomba lenye tundu linaanza kuvuta kilicho nje yake, kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Likiwa limelala kwenye mtaro uliojaa, linanyonya mtaro. Maji yakirudi, koki inakohoa upepo kwanza, halafu yanatoka ya kahawia, halafu meupe. Sisi tulikuwa tunashangilia. Wa kwanza kufika kwenye koki alikinga viganja akanywa hapohapo. Alikunywa yale ya mwanzo kabisa, ambayo hayakupaswa kunywewa na mtu.

Siwezi kuthibitisha leo kwamba ni bomba lililotuharisha. Lakini maembe tuliyakula na kwa bibi kijijini, wala hatukuugua hivyo.

Najua wenzangu wengi tulio nje tukirudi likizo tuna wimbo wetu: huku kwetu unafungua koki unakunywa moja kwa moja, hakuna kuchemsha. Nami niliuimba. Niliacha siku kijana wa idara ya maji wa mji wetu alipokuja kukagua bomba, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba na tochi. Alifika pale bomba linapoingilia ukutani, karibu na mita, akalikwangua kwa ncha ya ufunguo. Chini ya weusi likang'aa kama sarafu mpya. Akaweka sumaku, ikaanguka. Hakuhitaji kusema mengi. Chuma kingeishika sumaku, na shaba nyekundu ingeonyesha wekundu wake. Laini, linang'aa, halishiki sumaku: ni la madini ya risasi, yale Waingereza wanayoyaita lead.

Nilikaa kwenye ngazi. Wanangu wawili wamekulia kwenye nyumba ile. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na wataalamu hawajaona kiasi kidogo cha kusema hiki hakina neno. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi, kwa mazoea ya Tabora, nilikuwa naendelea kuchemsha maji ya watoto. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Risasi hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki palepale sufuriani.

Mimi nakaa si mbali na Flint, mji ambao wengi mmeusikia. Aprili 2014 waliokuwa wanasimamia mji ule, kwa kubana matumizi, waliacha kununua maji ya Ziwa Huron kutoka Detroit wakaanza kuvuta ya mto Flint. Maji ya mto yalikuwa yanakula mabomba zaidi, na hawakuweka dawa ya kulinda mabomba. Kwa miaka mingi yale mabomba ya risasi yalikuwa yamejijengea utando ndani, utando uliozuia risasi isiingie kwenye maji. Maji mapya yakauvua. Watu wakaanza kubeba chupa za maji ya rangi ya chai kwenye mikutano, wakaambiwa ni salama. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanaotesha vyuma vyake kutu. Watu wakaendelea kuyanywa mwaka mzima mwingine. Mpaka Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotoa hadharani vipimo vya damu vikionyesha risasi imeongezeka kwa watoto, ndipo mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Huo ni mji wa karibu watu laki moja, katika nchi tajiri.

Nayasimulia haya kwa sababu ya Tabora. Januari 2021 Rais Magufuli alizindua mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Tabora, Igunga na Nzega, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 600, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka India. Aliyekulia Tabora akinywa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima, yanayopungua kiangazi kikikaza, anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Mama aliponipigia kuniambia "mwanangu, tunakunywa Ziwa," alikuwa analia, nami nililia. Sitaki mtu asome hapa akadhani naubeza ule mradi.

Ninachouliza ni hiki. Maji yamebadilika. Bomba la nyumbani kwetu halijabadilika. Ni lilelile la kwenye mtaro, na sidhani tuko peke yetu. Sisemi Tabora kuna mabomba ya risasi. Letu ni la chuma. Sisemi kuna aliyedhurika. Lakini Flint ilinifundisha kwamba siku mji unapobadilisha chanzo cha maji ndiyo siku ya kupima kwenye koki za watu, nyumba za mwisho wa laini, nyumba za mabomba ya zamani, na kuwaambia watu kilichoonekana. Na maji haya yanatoka mbali. Yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakisafiri mamia ya kilomita. Klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji, inapungua njiani kadiri maji yanavyokaa kwenye bomba na matangi, na kila tundu linaimaliza haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka yakifika kwa mtumiaji iwe imebaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ni kipimo cha dakika chache: tone la dawa, rangi inabadilika, unalinganisha.

Ukiniuliza huku wanatuzidi nini, sitasema mabomba, maana la nyumba yangu huku lilikuwa la sumu. Wanatuzidi karatasi. Kila mwaka, kabla ya Julai mosi, sheria inailazimu mamlaka ya maji kunipa taarifa ya kilichopimwa kwenye maji na kilichoonekana. Na baada ya Flint, mwaka 2018 jimbo la Michigan liliweka kanuni kwamba mabomba yote ya risasi yang'olewe ndani ya miaka 20, kwa gharama ya mamlaka za maji. Ndiyo maana yule kijana alikuja na ufunguo wake. Hayo hayakuja kwa hisani. Yaliletwa na akina mama waliokataa kuambiwa watoto wao ni wazima.

Mama yangu bili ya maji inamfikia kwa ujumbe wa simu, na kiasi cha kulipa mpaka shilingi ya mwisho. Kwa nini ujumbe huohuo usimwambie klorini ya mtaa wake mwezi huu ilikuwa ngapi? Na mgao ukiisha, kwa nini usije ujumbe wa kusema ya mwanzo fulieni, pigieni deki, msinywe mpaka yatoke meupe, na ya kunywa chemsheni?

Kuna atakayesema nawatisha watu, watarudi kwenye visima. Hofu hiyo naielewa. Kisima kifupi hatua kumi kutoka kwenye choo kina hatari kuliko bomba bovu, na nisingependa mtu hata mmoja arudi huko kwa sababu yangu. Lakini watu wa Tabora si watoto. Wakiambiwa ukweli watachemsha, na watadai bomba.

Juzi nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Maji yamerudi leo." Nikamwomba mjukuu wake akinge glasi ya kwanza, aiache mezani nusu saa, anipigie picha. Chini ya glasi kulikuwa na unga mwekundu, kama tulivyokuwa tunauona sisi.

Kuanzia kwenye mita kuja ndani, bomba ni letu wenyewe. Fedha nilizotuma za rangi ya nyumba nimemwambia mdogo wangu azitumie huko kwanza. Fundi ameshapima: mita 38 za plastiki, na anataka laini mpya izunguke upande wa mwembe, mbali na mtaro.