911 uitoe uchukue M3? Hesabu ya Nairobi

Jamaa yangu wa Ruaka ana Porsche 911 Carrera S ya 2013, kizazi cha 991, na sasa anataka kuitoa achukue BMW M3 ya milango minne, ile F80 iliyotengenezwa kati ya 2014 na 2018. Anataka gari ya kila siku ambayo bado ikikanyagwa inakusukuma mgongo kwa siti. Marafiki wamegawanyika, kuna wanaosema hatimaye amekomaa, na kuna wanaomwangalia ni kama ametangaza anauza shamba la babu. Mimi naona wote wanabishania pesa na heshima, na hapo sipo.

Wanaomsukuma auze wanasema atapumua kimfuko. Atapumua wapi? M3 sio 320i, ile BMW ya kawaida, bana. Breki zake, diff yake, absoba zake, zote ni bei ya M, kile kitengo cha BMW cha gari za mbio, na fundi anayejua ile injini ya S55 vizuri hutampata kila kona ya Kirinyaga Road. Mafuta nayo, lita 3.0 na turbo mbili ikikaa kwa jamu ya Limuru Road itakunywa tu, haihesabu milango. Bima ya komprehensivu inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hivyo kama bei zinakaribiana bili nazo zinakaribiana. Halafu hio S55 iko na ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima, pale mbele ya krenkshafti kuna habu inayoshika gia za timing, zile zinazopanga valvu zifunguke saa ngapi, haina kifunguo cha kuizuia, imebanwa na bolti tu, na ikiteleza timing inahama na valvu zinaweza kupatana na pistoni. Si kila gari inapatwa, wengi wanaendesha miaka bila shida na zile zinazoumia sanasana ni zilizoongezwa nguvu, lakini M3 ngapi hapa mjini hazijaguswa na mtu wa kutyuni? Kununua bila kuuliza hilo ni kucheza kamari.

Kuna pia hii imani ati serikali inaadhibu gari za michezo. Ushuru hauangalii umbo la gari, unaangalia injini. Petroli ikipita cc 3,000 eksaizi ni asilimia 35, kati ya 1,500 na 3,000 ni 25, na hio inakuja juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 35 tunaolipa tangu 2023, alafu VAT ya 16 inapandishwa juu ya hayo yote. Fanya hesabu, kila shilingi 100 ya thamani inatoka kama 211 kwa injini kubwa na kama 196 kwa hio ya kati, kabla hata hujafika kwa zile tozo ndogondogo. M3 iko na cc 2,979, imepita chini ya uzi. 911 yake iko na 3,800, iko juu. Lakini 911 zilizofuata kutoka mwisho wa 2015 ziliwekwa turbo na injini ikashuka hadi 2,981, nazo zikapita chini vilevile, na ukichukua sedani kama Mercedes C63 ya V8 uko na 3,982 na unalipa ya wakubwa. Kwa hivyo "sedani ni nafuu kwa ushuru" ni maneno ya watu wa yadi.

Na kwa kuuza tena baadaye, 911 inashika bei vizuri kuliko karibu sedani yoyote ya mbio. Kitu pekee kinachoitetea F80 hapa kwetu ni ile sheria ya miaka minane, gari ya 2018 kurudi nyuma sasa inafungiwa bandarini, na uzalishaji uliisha mwaka huohuo, kwa hivyo zilizoko nchini ndizo hizo. Hio inaweza kuzuia bei isianguke sana. Lakini pia inamaanisha unachagua kwa kundi dogo ambalo nusu limeshapigwa vibaya, na dalali anajua huna pa kukimbilia.

Sasa, upande wa kuuza uko na hoja moja kali ambayo sisikii mtu akiitaja, nayo ni hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Hio 911 ya 2013 haina turbo, inavuta hewa yenyewe, kwa hivyo zile nguvu farasi 400 za kwenye karatasi huku ni kama 340. M3 ni 431 na turbo zake zinasukuma hewa zaidi kufidia, inapoteza kidogo sana. Kwa karatasi, hizi gari mbili zinafika kilomita 100 kwa saa kwa muda unaokaribiana, sekunde nne na kitu, lakini ukizipanga Thika Road (usizipange) ile sedani yenye kiti cha mtoto nyuma ingeiacha Porsche ikishangaa. Mtu akikwambia jamaa anashuka daraja, muulize anapimia wapi, Lunga Lunga kule pwani ama Limuru huku juu.

Matuta ndio watu wengi wanadhani yatamaliza huu ubishi. Wanasema 911 iko chini, sedani iko juu. Ukweli si rahisi hivyo. Umbali kati ya ekseli za 991 ni milimita 2,450, wa M3 ni 2,812, na gari ndefu ikipanda tuta refu inakwaruza tumbo katikati mahali gari fupi inapita salama. Shida ya Porsche ni pua yake, unaingia na pembe, polepole, na wenye matatu nyuma wanakupigia honi. Kwa tairi ndio M3 inashinda wazi. 911 S ilitoka na rimu za inchi 20, nyuma tairi ni 295/30, yaani mpira mwembamba kabisa kati ya rimu na shimo. M3 ilitoka na rimu za 18, tairi ya 275/40 nyuma, na hio nyama ya ziada ndio inaokoa rimu mvua ikishanyesha na mashimo yamejaa maji huoni kina. Ila angalia unayonunua, nyingi ziko na 19 ama 20, kutoka kiwandani ama zimevalishwa na wenyewe kwa ajili ya kupendeza, na hapo umerudi palepale. Spea tairi hakuna kwa zote mbili, ni ile chupa ya gundi na pampu, na tairi ikipasuka ubavu usiku hio chupa ni ya kumwagilia maua tu.

Buti ya mbele ya 911 haifiki lita 150, ya M3 nyuma ni 480. Siti za nyuma za 911 ni za watoto wadogo ama begi, watoto wake wawili washaanza kurefuka. Hapa hakuna la kujadili.

Upande wa kubaki nayo uko na kitu ambacho nambari hazisemi vizuri. 911 ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 100, usukani wake unaongea, injini iko nyuma ya mgongo wako, na kwa mwendo wa kawaida kabisa wa kwenda kununua maziwa tayari unajua uko kwa kitu spesheli. M3 inataka mwendo ndio iamke. Na mwendo huo utautoa wapi? Expressway ni 80, hailwei kuu sheria inasema 110. Watu wanasahau hili, gari yenye nguvu nyingi inayoficha mwendo ni hatari kwa leseni kuliko ile inayokupigia kelele ukiwa kwa 70. Kama unataka kuitumia M3 vile ilivyotengenezwa, ubaki unaipeleka Whistling Morans, ule uwanja wa mbio kule Athi River, na ukishafika huko ungefurahia zaidi na 911.

Hoja ya kuangaliwa na watu sijui niiweke upande gani. Kuna watu wananunua Porsche kwa sababu ya hio. Yeye alishachoka nayo, kila mahali akiegesha bei inaongezeka kabla hajashuka, na M3 kwa mtu wa kawaida ni BMW tu kama zile zingine elfu.

Lakini mimi swali langu kwake lilikuwa moja, Prado ya nyumbani inafanya nini? Manake wenye 911 wengi hapa mjini tayari wako na gari kubwa ya familia, na mtu wa hivyo akinunua sedani ya mbio ametatua shida ambayo hana, ametoa kitu kimoja spesheli akaleta kitu cha pili cha kubeba watu. Huyo ningemwambia akae. Kwake ni tofauti kidogo, Prado inatoka na mama watoto alfajiri kuelekea Thika, yeye ndiye anapeleka watoto shule, na kwa vile 911 haiwatoshi anawapeleka na teksi huku Porsche imekaa besimenti imechomekewa chaja isife betri. Gari imekuwa ya Jumapili asubuhi, na hata Jumapili zenyewe si zote. Hio M3 haitamwokolea shilingi, pengine itamla zaidi, lakini ataiendesha Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hivyo mimi niko upande wa auze, ila auze mwenyewe polepole, asiitupe kwa yadi wambadilishie na gari yao, na atafute M3 ya rimu 18 ambayo haijaguswa, aipeleke ikaguliwe habu na kompyuta kabla ya kulipa hata depoziti. 911 yake ni ya PDK, gia za otomatiki za Porsche. Ingekuwa ya manual ningemwambia asishike simu ya dalali yeyote.