Nusu milimita nyuma ya jicho

Daktari mmoja wa dharura hapa Dar anasema akiomba mashine ya utrasaundi kwa majeruhi wa kichwa, wenzake humtania: "Kwani ana mimba?"

Anachotafuta ni ala, ule utando unaoivika neva ya jicho. Ala hiyo imeungana na tando za ubongo, na ndani yake mna maji yale yale yanayouzunguka ubongo. Presha ikipanda ndani ya fuvu, maji husukumwa hadi huko na ala hutanuka. Kope hufumbwa na kupakwa jeli, daktari anaegemeza kiganja kwenye paji la uso asije akalikandamiza jicho, kisha anapima upana wa ala milimita 3 nyuma ya jicho. Dakika chache, kwisha.

Wanaosita kukitumia kipimo hiki wana sababu zao. Tafiti hazijakubaliana mpaka wa hatari uwekwe wapi: nyingine milimita 5, nyingine zinakaribia 6. Kati ya salama na hatari pana kama nusu milimita, unene wa mstari wa kalamu ya wino. Kivuli kwenye picha kikidhaniwa ni ukingo wa ala, hesabu yote imeharibika. Wapo pia wanaoamka baada ya ajali, wakaongea vizuri, kisha wakazimika saa chache baadaye. Kipimo cha mapema kinaweza kuwapitisha kama wazima. Jicho linaloshukiwa kupasuka haliguswi. Na bonge la damu liko upande gani, hilo mpasuaji ataliona kwenye CT skani tu, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya fuvu.

Kweli tupu. Ila hoja hiyo inamwona majeruhi aliyelala mlango wa pili kutoka CT skani. Mimi namwona wa bodaboda aliyeanguka pembezoni mwa jiji usiku, kwenye kituo kisicho na mashine hiyo, gari la wagonjwa ni moja na majeruhi wawili. Nani atangulie hospitali ya Muhimbili? Tunaangalia fahamu, tunamulika mboni kwa tochi. Lakini mboni ikishatanuka na kugoma mwanga, ubongo umeshabanwa vya kutosha. Na fahamu? Hapo ndipo penye mtego: kijana ananuka pombe, basi inasemwa "amelewa huyo, mwacheni alale." Usingizi wake unaweza kweli kuwa wa bia. Ala ya milimita 6.5 macho yote mawili haielezeki kwa bia. Huyo anyanyuliwe kichwa nyuzi 30, rufaa ipigiwe simu sasa hivi, asisubiri kuche.

Wanaodai kipimo hiki ni mbadala wa CT skani ndio waliokiharibia jina. Kazi yake ni kupanga foleni, na kurudiwa: mkono ule ule, jicho lile lile, saa moja baadaye. Kutoka 5.1 hadi 5.9 kunaniambia mengi kuliko namba moja iliyokaa peke yake. Ikitoka ndogo kwa mtu ambaye hali yake inazorota, naamini hali yake, si namba.

Kikwazo chenyewe ni kidogo kuliko kelele zake. Utrasaundi ya wodi ya wazazi mara nyingi huwa na kichwa cha kupimia, kile kinachogusa ngozi, kilichopinda, cha tumbo. Jicho linataka kile kilichonyooka, kinachotumika kutazama mishipa ya damu. Rafiki yangu alikikuta kabatini, bado kiko kwenye nailoni yake.